Kitabu Kimoja, Walinzi Wengi



Wahyi wa kwanza ulianza kwa amri ya kusoma. Lakini msomaji anahitaji kitabu, na kitabu kinahitaji mlinzi. Somo letu la mwaka huu ni hili: vipi maktaba za nchi mbalimbali zinasaidiana ili elimu isikatike?

1. Wanavyuoni wetu hawakuacha kusoma

Sayyid Ahmed bin Sumeit (1861–1925) alizaliwa Ngazija, akawa kadhi hapa Unguja. Hata baada ya kupewa ukadhi alifunga safari mpaka Istanbul na Makka kutafuta elimu zaidi. Mwenzake, Sheikh Abdalla Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyesomesha Ukutani, alikwenda Makka na Hadhramaut. Zama hizo mwanafunzi aliyetaka kitabu mara nyingi alikinakili kwa mkono wake. Mtambo wa chapa wa Sultani Barghash, ulioanza kazi Unguja karibu na mwaka 1880, ulirahisisha jambo hilo, lakini hati za mkono ziliendelea kutumika.

2. Hati za Msikiti wa Riyadha

Nyingi ya hati hizo zimeliwa na mchwa au zimeoza kwa unyevu wa pwani. Nyengine zimesalimika. Katika Msikiti wa Riyadha, Lamu, ulioanzishwa na Habib Saleh, zimetunzwa hati za fiqhi, lugha ya Kiarabu na maulidi. Katika miaka ya 2010, watu wa Riyadha walishirikiana na mwanahistoria Anne Bang wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, kuzipiga picha ukurasa kwa ukurasa. Msaada wa fedha ulitoka kwenye mpango wa Maktaba ya Uingereza, London, wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Hati zenyewe zilibaki Lamu. Zilizosafiri ni picha. Kwa njia hiyo, msomaji wa Unguja, Muscat au Jakarta aliweza kuzisoma bila ya kuzichakaza.

3. Amana haiwekwi mahali pamoja

Msidhani kwamba London ndiyo salama na Lamu ndiyo hatari. Mwezi wa Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia mitambo ya Maktaba ya Uingereza, na huduma zake nyingi za intaneti zikasimama kwa miezi. Hati za Lamu zilikuwa kabatini mwake. Picha ni kinga ya karatasi, na karatasi ni kinga ya picha. Ndiyo maana ya kushirikiana: kila mmoja humlindia mwenziwe.

4. Wajibu wetu

Nilipokuwa mwanafunzi niliazima kitabu cha nahau, nikakiacha dirishani siku ya mvua za masika. Kilirudi kwa mwalimu kurasa zimegandana. Hakunigombeza, alinipa daftari akaniambia ninakili kurasa zilizoharibika. Nilijifunza nahau, na nilijifunza amana.

Kwa hiyo, ukiazima, rudisha. Na kama nyumbani kuna kitabu cha babu kilichofungwa sandukuni, usikichome wala usikiuze. Muulize mwalimu, au wakubwa wende Nyaraka za Taifa, Kilimani, ambako hati za Kiarabu zinahifadhiwa.

Maswali
1. Kwa nini hati za Riyadha hazikupelekwa London?
2. Tukio la 2023 linatufundisha nini?
3. Waulize wazee wako: ni kitabu gani cha zamani kiliwahi kuwamo nyumbani kwenu, na sasa kiko wapi?