DARSA LA RAMADHANI, SIKU YA 19: Sauti Imo, Faili Halikufungwa

Ndugu zangu, Allah azitakabali saumu zetu.

Leo nawapa kisa changu mwenyewe. Siku ya nikaha ya mdogo wangu wa kike, baba alimuozesha kwa kauli yake, kisha akaomba dua ndefu. Mimi nilipewa kazi moja tu: kurekodi. Nikaweka simu mkekani, chaji kidogo, nikajiambia itatosha. Ikazima kabla sijasimamisha. Nilipoiwasha, faili lipo, MB 38, lakini halifunguki.

Miezi minne baadaye baba akafariki. Mdogo wangu akawa ananiuliza, "Kaka, ile sauti ya baba?" Namjibu, "Nitakutumia, inshaallah." Mwaka mzima! Najua halifunguki, naona haya kusema. Inshaallah nimeifanya pazia.

Ramadhani iliyopita nikashindwa kubeba saumu na uongo pamoja. Nikampigia, nikamwambia ukweli. Akalia, kisha akasema, "Ungeniambia mapema, kaka, tungetafuta fundi."

Tukampata kijana mmoja fundi simu. Akanieleza: "Maalim, simu nyingi zikirekodi faili la m4a, sauti inaandikwa kidogo kidogo. Lakini faharasa, ile inayoonyesha kila kipande kiko wapi, inaandikwa mwisho, ukisimamisha. Simu ikizima ghafla, sauti imo, faharasa hakuna."

Akafanya mambo matatu. Kwanza alinakili faili, akafanyia kazi nakala. Lile la asili hakuligusa. Pili, akaniomba rekodi nyingine iliyo nzima, ya simu ile ile na mipangilio ile ile. Tatu, programu yake ikaifuata ile nzima, ikajenga upya faharasa ya ile mbovu.

Tukapata dakika 40 hivi. Baba yumo, anakohoa, anamuozesha binti yake. Dua inakatika katikati. Mdogo wangu husikiliza mpaka pale inapokatika, kisha huitikia amin mwenyewe.

Sasa tujiangalie. Kuna mtu humu Ramadhani yake imezima katikati. Alianza na juzuu moja kila siku, siku ya sita akaacha. Tarawehe alikwenda wiki ya kwanza tu. Sasa anasema, "Mwaka huu basi tena." Ndugu yangu, usifute! Siku ulizofunga zimo. Usifiche kama nilivyoficha mimi: kiri kosa lako kwa Mola wako, na kama umemkosea mtu, mwendee mtu huyo. Kisha tafuta mwenzio aliye mzima umfuate, yule jirani asiyekosa safu ya mbele. Mwambie tu, "Leo usiku nipitie twende wote."

Na ufunge vizuri. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba amali huangaliwa mwisho wake. Kesho jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Bado hujachelewa.

*Kazi ya leo:* Yupo mtu unayemwambia "inshaallah" huku unajua kuna jambo unamficha. Mpigie kabla ya futari, mwambie ukweli.

Allah awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na atujaalie mwisho mwema. Amin.

Wabillahi tawfiq.