Debe la Kuku na Koti Jeupe la Kliniki



Aliye na kuku anajua jambo hili. Ukitikisa debe la mahindi wanakuja mbio kabla hujamwaga hata punje moja. Ng'ombe wa gredi naye akisikia ndoo inalia, maziwa yanaanza kushuka kabla hujamgusa. Na debe haliliwi, wala ndoo haikamui! Wamejifunzaje?

Aliyelichunguza jambo hili sana ni Ivan Pavlov, mtaalamu Mrusi wa mji wa St Petersburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904 kwa utafiti wa jinsi chakula kinavyosagwa tumboni. Alikuwa akipima mate ya mbwa, tone kwa tone, kwa mrija uliowekwa shavuni. Akagundua kwamba mate yanatoka mbwa anapomsikia tu mtu wa chakula akija. Basi akajaribu: anapiga mlio, halafu papo hapo anatoa chakula. Akarudia, akarudia. Mwishowe mlio peke yake ukatosha.

Angalieni kwamba mlio hutangulia chakula kidogo tu. Ukichelewa ukaja baada ya chakula, mbwa hajifunzi mengi. Tena mbwa hakuamua kutoa mate, yalijitokea. Ndiyo maana kumwambia mtu "wacha kuogopa" hakusaidii sana.

Sasa tuje nyumbani. Mtoto anaona koti jeupe, anadungwa sindano, analia. Safari nyingine analia akiona koti tu, hata kama amekuja kupimwa uzito. Na sisi wazazi tunaongezea: "Usiponyamaza nitamwita daktari akudunge!" Tunamfanya aogope mahali pale pale anapopata chanjo ya surua. Mama akichoka na hivyo vilio anaruka siku ya kliniki, na surua huua.

Je, hofu ya namna hiyo huondoka? Pavlov alipopiga mlio mara nyingi bila chakula, mate yalipungua mpaka yakaisha. Lakini mbwa akipumzika kidogo, mlio huo huo uliyarudisha kiasi. Somo lilikuwa limefunikwa, halikufutika. Kwa hiyo msikate tamaa hofu ikirudi.

Huko Marekani mwaka wa 1924, Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto aliyemwita Peter, ambaye aliogopa sungura. Mtoto alipewa chakula anachopenda, na sungura akawekwa mbali, ndani ya kizimba. Siku kwa siku akasogezwa karibu, bila haraka, mpaka Peter akamshika kwa mkono wake. Haraka ingeharibu kila kitu, kwa maana hofu ingeweza kuhamia kwenye chakula.

Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Mpitishe mtoto kliniki siku isiyo ya sindano, akiwa na kiazi chake mkononi, acheze nje, amsalimie nesi. Anayenyonya, anyonyeshwe wakati ule ule wa kudungwa, maumivu hupungua. Na usimdanganye kwamba haitauma.

Ya kuzungumzia mkutanoni: wako wazee wanaokwepa darasa la ngumbaru kwa sababu ubao na chaki vinawakumbusha kiboko, ingawa kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001. Darasa lao la kwanza lifanyiwe wapi, na lianze na nini kabla ya chaki?