Mtoto Asifundishwe Kumficha Mama Yake

Mama N. wa Buyenzi, Bujumbura,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mwanangu, na mara zote nimekwama pale mwanao wa miaka tisa alipokuuliza: "Mama, mimi ni adui wa nani?" Pole sana.

Jeraha la shangazi

Umesema shangazi yako, Mtutsi kama wewe, alizika watoto wawili mwaka 1993, Rais Ndadaye alipouawa na nchi ikawaka moto. Kwa hiyo tangu uolewe na Mhutu hakuiti jina, na matangani alimwondoa mwanao kwenye mkeka: "Huyu Hutsi si wetu," yaani mtoto wa Mhutu na Mtutsi. Namwonea huruma mama yule. Lakini mtoto huyu hakumuua mtu, na uchungu wa mtu mzima haumwagwi kwenye sahani ya mtoto.

Shauri la mumeo

Mumeo anataka watoto wajiite Wahutu kwao, Watutsi kwenu. Hofu yake naielewa. Burundi kabila hufuata baba, na katiba ya 2005 iligawa viti vya Bunge asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Mgawo huo ulisaidia kunyamazisha bunduki, siubezi. Ila mwanao hana safu yake humo. Kwenye fomu aandikwe upande wa baba, basi. Nyumbani, hapana! Mtoto mwenye jibu moja kwa bibi huyu na jingine kwa bibi yule amekwisha kuambiwa kwamba mmoja wa wazazi wake ni aibu. Kesho atakuona sokoni akiwa na wenzake, apite kando.

Mwelezeni habari za seminari ya Buta. Tarehe 30 Aprili 1997 wauaji waliwaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wakakataa, na 40 wakauawa. Vijana wale hawakukana makabila yao. Walikataa kuachana.

La kufanya

Kila mmoja aende kwa watu wake: wewe kwa shangazi, mumeo kwa mama yake. Nendeni kwa adabu, ila msibembeleze. Semeni mlango wenu u wazi, na siku mtoto atakapotukanwa mtanyanyuka naye papo hapo. Kisha mnyanyuke kweli, hata kama chakula kimeshapakuliwa. Ukikaa kimya mara moja, mwanao atajua umekubali.

Na swali lake lisilale. Usiku huu mketisheni kati yenu wawili, mwambieni yeye si adui wa mtu yeyote.