TAHARUKI KATIKA SINEMA: KAMERA NA MUZIKI HUTUSHIKA VIPI TANGU MWANZO?

Katika somo la Fasihi tunafundishwa kwamba taharuki ni ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Mtambaji wa ngano huijenga kwa sauti yake, kwa macho na kwa kunyamaza kidogo. Mwandishi wa riwaya huijenga kwa maneno. Je, mtu wa sinema huijenga kwa nini?

Nauliza kwa sababu mwaka ujao Chama chetu kinakusudia kupeleka filamu fupi katika Tamasha za Drama na Filamu. Tayari wenzetu wengi wanasema ati bila bunduki, damu na gari la kulipuka, hakuna atakayetazama. Pesa za vitu hivyo hatuna. Mimi napinga hoja yao, na mifano yangu ni hii.

1. Kamera huficha

Tuanze na filamu ya Jaws ya mwaka 1975, iliyoelekezwa na Steven Spielberg. Mwanzoni kamera inapita chini ya maji, katikati ya magugu ya bahari. Kisha msichana anaingia majini usiku kuogelea, nayo kamera inamtazama kutoka chini, miguu yake ikicheza juu yetu. Papa mwenyewe hatumwoni hata kidogo! Kamera imekuwa macho ya papa, na sisi tumewekwa upande wa adui bila kuulizwa. Muziki wa John Williams nao unaanza na noti mbili tu, nzito, zinazorudiwa polepole kisha kwa kasi, kama moyo wa mtu anayekimbia.

Papa wa mashine waliyemtengeneza alikuwa akiharibika mara kwa mara, ikabidi mwelekezi amfiche. Zaidi ya saa nzima inapita kabla hatujamwona vizuri. Kwa hivyo upungufu wa vifaa ndio uliozidisha hofu. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa penye nia pana njia.

2. Muziki hujua kabla yetu

Mfano wa pili ni Psycho ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1960. Bernard Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake, bila ngoma wala tarumbeta. Majina ya waigizaji yanapoonyeshwa, fidla zinakatakata kama visu. Halafu muziki unatulia. Kamera inapita juu ya mji wa Phoenix, tunaandikiwa siku na saa, Ijumaa tarehe 11 Desemba, saa nane na dakika 43 mchana, kisha inaingia ndani ya chumba kupitia dirishani. Jua linawaka, na hakuna jambo baya lililotokea. Lakini mbona tuna wasiwasi? Ni kwa sababu masikio yameshaambiwa jambo ambalo macho bado hayajaliona.

3. Picha zile zile, sauti tofauti

Huu ndio mfano ninaoupenda zaidi. Katika Touch of Evil ya Orson Welles (1958), mikono ya mtu inatega saa ya bomu na kulificha kwenye buti ya gari. Mwanamume na mwanamke wanaingia garini bila habari na kuondoka. Kamera inawafuata barabarani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa hata mara moja. Sisi tunajua, wao hawajui. Kila wanaposimama, tunataka kupiga kelele.

Kampuni iliyotoa filamu iliweka majina na muziki wa Henry Mancini juu ya picha hizo. Mwaka 1998 filamu iliunganishwa upya kwa kufuata barua ndefu ya Welles. Majina yakaondolewa, na badala ya muziki ule tukasikia sauti za mtaa: redio ya gari na nyimbo kutoka kwenye baa. Bomu ni lile lile, lakini sasa tunasikiliza kwa makini, maana redio ikisikika kwa nguvu tunajua gari liko karibu.

4. Hapa nyumbani

Nairobi Half Life (2012) ya David "Tosh" Gitonga inatumia siri hiyo hiyo. Mwas, kijana wa mashambani, anauza filamu na kuziigiza mbele ya wateja. Anaota kuwa mwigizaji. Anaposafiri kuja mjini, sisi wa Nairobi tunaanza kuhofu kabla ya yeye kuhofu, maana katikati ya jiji tunaijua. Na kweli, anaibiwa siku ile ile ya kufika.

Tusimsahau DJ Afro, anayejulikana kwa kusimulia sinema za kigeni kwa Kiswahili na Sheng. Katika vibanda vya video vya mitaa kama Kawangware na Kangemi, sauti ya msimulizi hufunika muziki wa filamu. Akiharakisha, tunaharakisha, akinong'ona, tunainama mbele. Amekuwa mtambaji wa ngano, na steringi ni mhusika wake.

5. Basi tufanye nini?

Hebu fikiria mwanzo huu. Mwanafunzi anashuka kwenye matatu Kawangware jioni. Kamera iko nyuma yake, chini, usawa wa viatu. Hatuoni uso wa anayemfuata. Tunasikia makanga wakiita abiria, halafu kelele zinapungua anapoingia kichochoroni, mpaka zinabaki nyayo: zake, na za mwingine. Zake zinasimama. Zile nyingine haziachi.

Jameni, hapo pametumika shilingi ngapi? Ni nauli tu, na kamera ya kuazima.

ZOEZI

(a) Tazama mwanzo wa filamu yoyote mara mbili, mara ya pili ukiwa umezima sauti. Ni nini kilichopotea?
(b) Taja jambo moja ambalo mtazamaji analijua na mhusika halijui.
(c) Andika mwanzo wa filamu ya dakika mbili usio na silaha yoyote. Uulete mkutanoni.