Kaunta Ikilia Mlimani Homa: Jinsi ya Kujua Kama ni Urani

Mlima Homa, vilima vya Ruri karibu na bonde la Lambwe, na Koru kunakochimbwa chokaa katika kaunti ya Kisumu, Kenya, vyote vina kabonatiti, mwamba wa volkano uliojaa chokaa. Kabonatiti mara nyingi huja na thoriamu, na wapimaji wamekuta Homa na Ruri mnururisho ulio juu kuliko kawaida. Kwa hiyo kaunta ya Geiger ikianza kulia kwa kasi huku, mshukiwa wa kwanza ni thoriamu. Kaunta ya mkononi huhesabu tu. Haikwambii ni elementi gani inayotoa mnururisho huo.

Anza kwa kupima mahali pasipo na kitu. Weka kaunta chini mbali na mwamba unaoushuku, iache dakika tano, uandike wastani. Usitegemee namba ya kutupia jicho, kwa sababu hupanda na kushuka yenyewe. Graniti ya Kit Mikayi, kwa mfano, inaweza kuongeza kidogo kwa sababu ya potasiamu iliyomo, na hilo halina uhusiano na hazina yoyote. Kisha rudi kwenye mwamba wako, upime kaunta ikiwa karibu kugusa jiwe, halafu unyanyue kaunta hadi kiunoni. Namba ikiporomoka sana, chanzo ni kitu kidogo kilicho hapo hapo. Ikibaki juu, ni ardhi nzima inayotoa mnururisho, na hakuna jiwe moja la kulitafuta.

Ukishakipata kijiwe, kitazame kwa lenzi kabla hujakigusa. Madini ya piroklori huwa kahawia au nyeusi, mara nyingi na umbo la piramidi mbili zilizounganishwa kitakoni, na inaweza kubeba urani na thoriamu pamoja. Angalia pia mwamba unaoizunguka: mnururisho wa miaka mingi huvimbisha kristali hadi nyufa nyembamba zikachanua pande zote. Mimi naiamini alama hiyo kuliko rangi.

Nyeusi na nzito peke yake haitoshi. Magnetiti ni nyeusi, nzito, na imejaa katika miamba ya namna hii. Sumaku ya spika ya redio kuukuu huitambua mara moja: ikivutwa kwa nguvu, elekea kwingine. Uraniniti, madini ya urani, haivutwi, mng'ao wake unafanana na lami, na kristali safi ina uzito wa karibu mara kumi ya maji ya ujazo uleule.

Madini ya manjano na ya kijani ndiyo yanayowadanganya wengi. Ile taa ya kukagulia noti bandia hufanya kazi hapa usiku: autuniti, madini mengine ya urani, huwaka kijani kikali. Lakini kalisiti na fluoriti, za kawaida kabisa katika kabonatiti, nazo zinaweza kuwaka, huku torberniti, iliyo na urani kweli, ikikosa kuwaka kwa sababu ya shaba iliyomo. Kwa hiyo taa na kaunta zitumike pamoja kila mara.

Chunguza pia ukoko wa jiwe. Mwaka 1906 mkemia Willy Marckwald alieleza madini mapya ya urani kutoka milima ya Uluguru, Morogoro, yakapewa jina la rutherfordini kwa heshima ya Ernest Rutherford. Yalikuwa utando wa manjano juu ya uraniniti nyeusi iliyooza. Anayekwangua jiwe lake ling'ae anaitupa sehemu adimu kuliko zote.

Jawabu la mwisho liko kwa spektromita ya gama, inayotenganisha nishati za urani, thoriamu na potasiamu. Chuo Kikuu cha Nairobi kina taasisi ya sayansi ya nyuklia unayoweza kuiuliza kuhusu kipimo hicho.

Usilisage jiwe wala kulilamba, na usipige nyundo bila barakoa, maana vumbi likiingia mapafuni ni hatari kuliko jiwe lenyewe likiwa mkononi. Nawa kabla ya kula. Usililaze chumbani wala kulipeleka sokoni, kwani hutoa gesi ya radoni, na kwa Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 madini yote ni mali ya umma na hayachimbwi bila leseni. Piga picha, andika alama za GPS na namba za kaunta, liache lilipo, uipigie simu Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia Kenya.