Somo kwa Vyama: Chanjo ya Mtoto Haingoji Ugonjwa Upite

Wajibu wa chama cha ushirika haukomi kwenye mizani na stakabadhi. Mwanachama anayeuguza mtoto hawezi kupalilia kwa wakati, na akiba yake huishia kwenye nauli na dawa. Kwa hiyo afya ya watoto ni jambo linalostahili kuzungumzwa katika mikutano ya chama, hasa unapozuka ugonjwa mkubwa.

Wakati kama huo wazazi wengi huogopa kliniki. Hudhani ni salama zaidi kumweka mtoto nyumbani mpaka hatari ipite. Nia yao ni njema, lakini magonjwa ya zamani hayaendi likizo ugonjwa mpya unapoingia. Mkulima ambaye pamba yake imeshambuliwa na viwavi haachi magugu yajiotee.

Mfano ulio karibu ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tangu Agosti 2018 hadi Juni 2020, mashariki ya nchi hiyo ilipambana na Ebola iliyoua watu 2,287, na macho ya dunia yalielekezwa huko. Katika mwaka 2019 peke yake, surua iliyoenea nchi nzima iliua watu zaidi ya 6,000, wengi wao wakiwa watoto wadogo. Chanjo ya surua imekuwapo duniani tangu mwaka 1963. Watoto wengi mno hawakuwa wamefikiwa nayo.

UVIKO-19 ulipotanda duniani mwaka 2020, watoto wapatao milioni 23 walikosa chanjo za kawaida mwaka huo, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF. Polio nayo haikungoja. Mnamo Februari 2022 Malawi ilitangaza kwamba mtoto mmoja wa Lilongwe amepatikana na ugonjwa huo, na Tanzania ikawa miongoni mwa majirani waliolazimika kuendesha kampeni za kuchanja watoto.

Katika Tanzania mtoto huchanjwa kifua kikuu na polio anapozaliwa. Hurudi akiwa na wiki 6, 10 na 14 kwa chanjo zikiwamo za dondakoo, kifaduro na pepopunda, kisha miezi 9 na 18 kwa surua na rubela. Tarehe hizo hazikupangwa ovyo. Kifaduro, kwa mfano, huwa hatari zaidi kwa mtoto mchanga; kuchelewa ni kumwacha bila kinga wakati anapoihitaji kuliko wakati wowote.

Mgonjwa mmoja wa surua aweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Ili ugonjwa huo usienee, yapasa watoto kama 95 katika kila 100 wawe wamechanjwa. Mtoto wa miezi 5, ambaye umri wake wa kuchanjwa surua haujafika, hulindwa na wenzake waliokwisha kuchanjwa. Huo ndio ushirika wenyewe.

Mambo ya kutekelezwa na chama:

1. Katibu atangaze siku za kliniki katika kila mkutano na siku za malipo ya mazao.
2. Wazazi wahimizwe kutazama tarehe ya kurudi iliyoandikwa kwenye kadi ya mtoto.
3. Aliyekosa tarehe asione haya wala asikate tamaa. Mtoto haanzi upya. Huendelea pale alipoishia.
4. Wakati wa mlipuko, mzazi afuate maagizo ya zahanati kuhusu kunawa mikono na kuepuka msongamano, lakini asikose kwenda. Mafua madogo ya mtoto si sababu ya kuahirisha. Mhudumu wa afya ndiye atakayeamua.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni:

(a) Ni kaya zipi za chama chetu zilizo mbali na zahanati, na zitasaidiwaje kufika?
(b) Siku ya kliniki ikigongana na siku ya mnada au ya kupima mazao, ipi isogezwe?
(c) Nani atamkumbusha mwanachama asiyehudhuria mikutano?