Maana ya Neno Maddahun

Amma baad. Jueni, ndugu zetu Waislamu, ya kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ameamrisha watu waitwao kwa Kiarabu maddahun watupiwe mchanga nyusoni. Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Muslim, naye mpokezi wake, Miqdad (r.a.), aliifuata kwa dhahiri yake: alipomsikia mtu akimsifu Sayyidna Uthman (r.a.), alipiga magoti akamtupia changarawe za uso.

Je, kila asifuye ni maddah? La. Asifuye tu huitwa madih. Maddah ni neno la kuzidisha, kama kadhdhab, aliyekithiri uwongo. Imam al-Khattabi (aliyefariki mwaka 388 Hijriya) ameeleza kuwa hao ni waliofanya kusifu watu kuwa ada yao na bidhaa ya kupatia chakula. Ndio sisi Waswahili tusemao, "Amemvika kilemba cha ukoka." Basi wako wanavyuoni waliosema kuwa maana ya mchanga ni kuwarudisha mikono mitupu, bidhaa yao isinunuliwe.

Ama sifa ya haki, Mtume mwenyewe amewasifu Masahaba zake nao wapo. Imam Nawawi, katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafi, amezipatanisha Hadithi hizi: ahofiwaye kuingiwa na kiburi asisifiwe usoni, mwenye imani kamili si vibaya kumsifu kwa lililo kweli, na ikiwa sifa itamzidishia kheri, ni jambo jema.

Imam Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijriya) amehisabu madhara 6 ya sifa. Kwa msifu ni 4: kupita mpaka hata akasema uwongo, kudhihirisha mapenzi asiyokuwa nayo, kusema asilolihakikisha, na kumfurahisha dhalimu. Kwa msifiwa ni 2: kiburi, na kuridhika na nafsi yake hata akalegea katika amali.

Hili la mwisho litazameni sana. Mwalimu aambiwaye kila siku kuwa hakosei, huacha kufungua kitabu. Kadhi asifiwaye mlangoni na mmoja wa wenye shauri, sikio lake limekwisha kununuliwa, na atakayedhulumiwa ni yule maskini asiyejua kupamba maneno.

Basi alazimikaye kusifu, na aseme kama tulivyofundishwa: namdhania fulani kuwa hivi, na Mungu ndiye mwenye kumhisabu. Mwenyiezi Mungu atulinde na ndimi zetu na masikio yetu. Amin.